Utepe mmoja, bei mbili: Henry Olonga na Andy Flower, Harare 2003

Kibarua wa Usiku (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Kila mwanamichezo akifungua mdomo kuhusu siasa, humu ndani tunarudi kwa walewale: Muhammad Ali na vita ya Vietnam, Tommie Smith na John Carlos na ngumi zao za Mexico 1968, Kaepernick na goti lake. Nawavulia kofia wote. Ila leo namleta mtu ambaye baba yake ni Mkenya, na ambaye ukitaja jina lake kijiweni wengi watakuuliza kama alichezea Gor Mahia. Henry Olonga. Pamoja naye namleta mwenzake, Andy Flower. Wote walikuwa wacheza kriketi wa timu ya taifa ya Zimbabwe.

Hawa watu wawili walivaa utepe mweusi kuomboleza demokrasia ya nchi yao, siku ileile, uwanja uleule, kwa tamko moja lenye majina yao wote wawili. Halafu mmoja akaja kuwa kocha mkuu wa Uingereza, mwingine akamaliza kucheza akiwa na umri wa miaka 26. Tukisimulia habari hizi huwa tunawapa wote maksi sawa za ushujaa, tunafunga daftari. Mimi nataka tufungue ukurasa wa pili, ule wa gharama.

Uzi ni mrefu. Mwenye haraka aende zake kwenye uzi wa usajili wa Simba na Yanga, hatutamlaumu.

Tuanze na mchezo wenyewe, maana najua kwa wengi wetu kriketi ni ule mchezo unaouona Jumapili ukipita Upanga, watu wamevaa nyeupe na hakuna anayekimbia. Kwa ufupi: mrushaji anarusha mpira, mpigaji anaupiga na kukimbia kukusanya mikimbio, akikosea anatoka, na kutoka kwake kunaitwa wiketi. Mipira sita ni ova moja. Hayo yanatosha kwa uzi huu.

Olonga alizaliwa Lusaka mwaka 1976, baba Mkenya, mama Mzambia, akakulia Bulawayo. Januari 1995, akiwa na miaka 18, akawa mtu mweusi wa kwanza kuichezea timu ya taifa ya Zimbabwe, na pia mdogo kuliko wote waliowahi kuichezea mpaka siku hiyo. Sasa sikilizeni mkosi: mechi hiyohiyo ya kwanza mwamuzi akasema mkono wake haunyooki, kwamba anatupa mpira kama jiwe badala ya kuurusha kwa kanuni. Kwa mrushaji hiyo ni aibu ya kutembea nayo. Dogo akakaa chini akajifunza kurusha upya, mikononi mwa Dennis Lillee, yule gwiji wa Australia, akarudi.

Akarudi kweli. Kombe la Dunia 1999, Leicester, tarehe 19 Mei. India wanahitaji mikimbio 9 tu, wana mipira 12 na wapigaji watatu mkononi. Nahodha Alistair Campbell anampa mpira Olonga, ambaye siku hiyo alikuwa amechapwa vibaya. Ndani ya ova moja akawatoa wote watatu. Zimbabwe ikashinda kwa mikimbio 3. Wahindi wa umri fulani ukiwatajia ova ile mpaka leo wanageuza maongezi.

Flower, mzungu, ndiye alikuwa mfalme. Mpigaji wa mkono wa kushoto, kipa wa wiketi (yule anayedaka mipira nyuma ya mpigaji), na kwa kipindi fulani aliwekwa namba moja duniani kwa wapigaji. Septemba 2001 dhidi ya Afrika Kusini, pale Harare, alipata mikimbio 142 zamu ya kwanza ya timu kupiga, zamu ya pili akafika 199 bila kutolewa, wenzake wakamwishia. Na bado timu ikafungwa. Hebu fikiria kubeba timu hivyo.

Naweka kituo kidogo, narudi.

Dereva wa Tunduma

Nimeweka kambi hapa. Mkuu njia ile naijua, Tunduma, Lusaka, Chirundu, Harare. Miaka hiyo ya 2002 na 2003 ukiingia Harare unakuta magari yamelala kwenye foleni ya petroli, wenyewe wamefunga milango wameenda kazini kwa miguu. Sisi wa malori tulikuwa wafalme kwa sababu tu ya dizeli iliyobaki kwenye tenki. Watu walikuwa wanakuja usiku na madumu, mtu mzima mwenye tai, anaongea nawe kwa unyenyekevu hadi unaona haya. Endelea.

Kibarua wa Usiku

Shukrani Dereva, umenisaidia kupaka rangi.

Hali ndiyo hiyo. Uchumi unaporomoka, mashamba ya wazungu yanavamiwa tangu 2000, uchaguzi wa rais wa 2002 umeacha makovu. Katikati ya hayo Zimbabwe inakuwa mwenyeji mwenza wa Kombe la Dunia la kriketi la 2003, pamoja na Afrika Kusini na Kenya. Waingereza wanavutana hata kama waende Harare au wasiende. (Mwisho hawakwenda, wakapoteza pointi.)

Hapa anaingia Nigel Hough, rafiki wa Flower, mchezaji wa zamani na mkulima. Huyu ndiye aliyemwambia Flower kwamba haiwezekani mcheze hili kombe kama vile nchi ni shwari. Flower akamfuata Olonga. Mwanasheria David Coltart, mbunge wa upinzani, akawashauri na kuwasaidia kuliweka sawa tamko. Hesabu ilikuwa wazi kwa kila mtu aliyekuwa chumbani: mzungu akisimama peke yake itasemwa analilia mashamba. Lazima awepo mweusi.

Isomeni tena hiyo sentensi ya mwisho. Bila Olonga jambo lote lingezimwa kwa mstari mmoja wa gazeti la serikali. Uzito wa tamko ulikuwa mabegani mwa yule mwenye kinga ndogo zaidi.

Tarehe 10 Februari 2003, Harare Sports Club, Zimbabwe na Namibia. Asubuhi waandishi wanapewa karatasi. Ndani yake wanasema watavaa utepe mweusi mkononi kwa muda wote wa mashindano, na kwamba kwa kufanya hivyo wanaomboleza kifo cha demokrasia katika Zimbabwe yao waipendayo, na wanatoa ombi la kimya kwa wahusika waache kukiuka haki za binadamu. Hakuna tusi wala jina la mtu. Flower anatoka kwenda kupiga, utepe upo. Olonga yuko kibarazani na wenzake, utepe upo.

Sasa ramani kidogo kwa wasiofika. Uwanja ule umetazamana na Ikulu, barabara tu ndiyo inayotenganisha, na barabara ile miaka hiyo ilikuwa ikifungwa usiku na askari, huthubutu kukatiza. Na mlezi wa chama cha kriketi cha nchi alikuwa nani? Robert Mugabe mwenyewe. Walivaa msiba mlangoni kwa mwenye nyumba.

Kitu kingine ambacho hakisemwi sana: wiki moja kabla, tarehe 3 Februari, kesi ya uhaini ya Morgan Tsvangirai, kiongozi wa upinzani, ilikuwa imeanza kusikilizwa mjini humohumo. Adhabu ya uhaini ilikuwa kunyongwa. Kwa hiyo mtu aliyesaini karatasi ile alijua neno hilo lipo hewani.

Mwana wa Iringa

Kibarua punguza kasi. Sisi watu wa Iringa Mugabe tunamjua kabla ya redio za wazungu kumjua. Vijana wa ZANLA, jeshi la ukombozi la chama chake, wamefunzwa Mgagao hapa kwetu, tumegawana nao ugali na maharage. Leo unatuletea hadithi ya "demokrasia imekufa" iliyoandikwa na mwanasheria mzungu kwa ombi la mkulima mzungu? Mbona enzi za utawala wa wazungu wa Ian Smith hao wacheza kriketi hawakuvaa utepe? Wanamichezo wacheze, siasa wawaachie wenyewe. Na huyo Olonga alitumika, mwisho wa habari.

Kibarua wa Usiku

Mwana wa Iringa, hoja yako ndiyo iliyonifanya niandike huu uzi, kwa hiyo sitaipita haraka.

Mgagao ni fahari yetu na hakuna anayeifuta. Suala la ardhi nalo halina ubishi: uhuru ulikuja 1980 na wakulima weupe wachache wakaendelea kushika ardhi nzuri kuliko zote, na Uingereza ilikuwa na madeni ya ahadi. Mtu akisema ugawaji wa ardhi ulikuwa haki, mimi niko naye.

Lakini twende Matabeleland. Kati ya 1983 na 1987 Brigedi ya Tano ya jeshi la Mugabe, waliofunzwa na Wakorea Kaskazini, waliingia Matabeleland na sehemu za Midlands kuwashughulikia watu walioonekana wa Joshua Nkomo, mpinzani wa Mugabe, na chama chake cha ZAPU. Ndiyo inayoitwa Gukurahundi. Makadirio yanayotajwa zaidi ni watu 20,000 waliouawa. Hao hawakuwa wazungu wa mashamba. Walikuwa Wandebele wa vijijini, weusi kama mimi na wewe, na wengi wao watoto wao walikuwa wamepigana vita ileile ya ukombozi.

Sasa mrudie Olonga. Amekulia Bulawayo. Shule ya msingi ya bweni amesoma huko kwenye vilima vya Matobo, sekondari Plumtree. Yote hiyo ni Matabeleland. Kambi ya Bhalagwe, moja ya sehemu mbaya kuliko zote za kipindi kile, ilikuwa wilaya hiyohiyo ya Matobo. Mtoto wa bweni anajifunza kushika gongo la kriketi, na nje ya uzio yanatokea hayo, na hakuna mtu mzima anayemwambia. Amekuja kusema mwenyewe kwamba alikua akimwona Mugabe kama shujaa, na kwamba kilichomgeuza ni kukabidhiwa ripoti kuhusu Gukurahundi akiwa mtu mzima tayari. Akasoma mambo yaliyotokea alikokulia.

Kwa hiyo ukisema alitumika, unamnyima kichwa chake. Mtu mwenye miaka 26, Mkristo wa dhati, msomaji, amekaa na karatasi zile, akaamua. Wewe na yule waziri mnasema kitu kimoja, ila nadhani wewe husemi kwa nia yake.

Waziri gani? Jonathan Moyo, wa Habari. Baada ya tamko alimwita Olonga "Uncle Tom", yaani mweusi anayejipendekeza kwa mabwana, akasema ana ngozi nyeusi na kinyago cheupe. Maneno makali yote yakaelekezwa kwa mweusi. Mzungu huwezi kumtukana kwa usaliti wa rangi yake, ila mweusi mwenye msimamo unamvua mpaka rangi. Klabu yake mwenyewe, Takashinga ya pale Highfield, klabu ya vijana weusi aliyokuwa kioo chake, ikamtimua.

Na kuhusu enzi za Ian Smith: uhuru unapatikana Olonga alikuwa hajafikisha hata miaka minne, mkuu. Avae utepe na chupa ya maziwa?

Mwana wa Iringa

Hapo kwa Matabeleland sina la kupinga. Ila bado nasema muda ulichaguliwa vibaya, dunia nzima ilikuwa inaipiga Zimbabwe mawe, na wao wakaongeza jiwe.

Kibarua wa Usiku

Ndiyo siku pekee kamera zilikuwepo. Wangevaa utepe kwenye mechi ya klabu Jumamosi pale Mutare, ungejua?

Tuendelee na gharama.

Baraza la kriketi la dunia halikuwaadhibu, liliwaomba tu waache. Baadhi ya watazamaji wakaanza kuja uwanjani na vitambaa vyeusi. Upande wa timu, mechi iliyofuata Olonga akawekwa nje, akawa wa kupeleka maji. Flower akaendelea kupangwa, maana ukimtoa Flower unabaki na nini? Ubora wake ulikuwa ngao. Olonga alikuwa mzuri, lakini alikuwa wa kubadilishika, na mtu wa kubadilishika akisimama anajua anakaliwa kiti chake dakika ileile.

Vitisho vya kuuawa vikaanza. Habari za kwamba atakamatwa kwa uhaini zikaenea. Bahati yake, Zimbabwe ilipata pointi za mvua dhidi ya Pakistan, mechi ya Bulawayo ikavurugika, wakaingia hatua ya pili ambayo ilichezwa Afrika Kusini. Mvua ile nadhani ilimwokoa, maana ilimpa safari halali ya kutoka nje ya mpaka. Mechi ya mwisho ilikuwa dhidi ya Sri Lanka mjini East London, tarehe 15 Machi. Olonga akatangaza kustaafu, hakupanda ndege ya kurudi Harare. Akajificha, kisha Uingereza.

Flower naye akastaafu timu ya taifa. Naye alipoteza nchi, tusimpunje. Lakini alikuwa na miaka 34, rekodi yote imeshaandikwa, na mkataba wa Essex, klabu ya Uingereza, ulikuwa tayari mezani. Mwaka 2009 akawa kocha mkuu wa Uingereza, akashinda Ashes, ule mpambano wa Uingereza na Australia, akachukua Kombe la Dunia la mechi fupi 2010. Olonga alibaki na mechi za maonyesho za timu ya Lashings, utangazaji wa hapa na pale, na kuimba. Sauti anayo kweli, ni mwimbaji wa mtindo wa opera. 2001 alikuwa ametoa wimbo wa kuipenda nchi yake, na huko nyumbani ulipendwa sana. Mwimbaji wa wimbo wa kuipenda nchi ndiye aliyeitwa msaliti. 2015 akahamia Adelaide, Australia, na 2019 akatokea kwenye lile shindano la runinga la kutafuta sauti, watu wakamgundua upya.

Kitu ambacho watu wa mpira wa miguu hamkioni haraka: kriketi ya kimataifa huwezi kuicheza bila nchi. Mwanasoka akigombana na timu ya taifa, Jumamosi anaingia uwanjani na klabu yake, mshahara unaingia. Mrushaji wa Zimbabwe wa 2003 bila timu ya taifa hakuwa na mshahara.

Jirani wa Eldoret

Wadau, salamu kutoka ng'ambo ya mpaka. Hiyo 2003 sisi Wakenya hatungeona hii stori vizuri kwa sababu tulikuwa tumelewa furaha. Collins Obuya kachukua wiketi tano dhidi ya Sri Lanka pale Nairobi, tukafika nusu fainali, na katika hiyo safari tukawachapa hao hao Zimbabwe kule Bloemfontein. Baba yake Olonga ni wetu kabisa, jina lenyewe linakuambia ni la ziwani, na hakuna aliyeuliza huyo kijana wa utepe ataenda wapi. Tulikuwa tunaimba Tikolo, nahodha wetu.

Sasa mimi wacha niongeze Feyisa Lilesa, mkimbiaji wa Ethiopia, kwa sababu hiyo niliiona kwa macho, ndani ya hoteli, runinga iko juu ya friji ya soda. 21 Agosti 2016, marathoni ya Rio. Kipchoge anaingia 2:08:44, hoteli nzima iko juu ya viti. Watu wamegeuka kuagiza chai. Dakika moja na sekunde kumi nyuma yake anaingia Mhabeshi wa fedha, mikono juu, vifundo vimekingamana kama alama ya kuzidisha. Mzee mmoja akasema huyo amechoka, anaomba maji. Hakuna aliyeelewa. Akarudia tena akiwa na waandishi, akarudia wakati wa medali.

Ilikuwa alama ya maandamano ya Waoromo. Yalianza Novemba 2015 kwa sababu ya mpango wa kupanua Addis Ababa kuingia ardhi za wakulima. Human Rights Watch walikuwa wamesema zaidi ya watu 400 wameshauawa. Lilesa akasema wazi akirudi watamuua ama watamfunga. Mke na watoto walikuwa nyumbani Ethiopia wakati anafanya hivyo. Hapo ndipo mimi huwa nashindwa.

Kibarua wa Usiku

Jirani, umenileta nilipotaka kwenda. Serikali ikatoka kusema arudi tu, atapokewa kama shujaa. Hakurudi, na sidhani kama kuna mtu humu angerudi. Michango ya mtandaoni ikapita dola 100,000, akapata njia ya kuingia Marekani, akaishi Flagstaff, Arizona, kule kwenye mwinuko ambako wakimbiaji wanapenda kufanya mazoezi. Februari 2017 familia ikamfuata. Na Oktoba 2018, baada ya Abiy Ahmed kuingia madarakani, akarudi Addis na kupokewa.

Linganisha. Lilesa aliondoka na miguu yake. Marathoni za miji zinalipa mtu, hazilipi nchi. Alipoteza miaka miwili ya nyumbani na usingizi mwingi, lakini kazi yake ilimfuata. Olonga kazi yake ilibaki Harare. Sisemi Lilesa aliteseka kidogo. Nasema tunapohesabu, tuangalie mtu alikuwa ameshikilia nini kingine.

Mzee wa Magomeni

Vijana, mnaongea vizuri ila mmeruka ya hapa nyumbani. Filbert Bayi! Rekodi ya dunia ya mita 1500 kaivunja Christchurch 1974, 3:32.2, kaongoza tangu mlio wa bastola, John Walker wa New Zealand kabaki nyuma. Dunia nzima inasubiri warudiane Olimpiki ya Montreal 1976. Afrika ikasusa, kwa sababu New Zealand walipeleka timu ya raga kwa makaburu na Kamati ya Olimpiki ikakataa kuwatoa. Walker kachukua dhahabu bila Bayi. Huo nao si msimamo?

Na huyo Muhammad Ali wenu, Februari 1980 tulimwona Dar es Salaam. Rais Carter kamtuma awashawishi Waafrika wasusie Olimpiki ya Moscow. Mwalimu akakataa hata kumpokea. Waandishi wa hapa wakamuuliza mbona Marekani haikutuunga mkono 1976, na yeye akaonekana hakuwa ameelezwa hilo. Alisumbuka yule bwana, alionekana wazi.

Kibarua wa Usiku

Shikamoo mzee. Hii ya Ali huwa inanifurahisha kwa sababu mtu aliyenyang'anywa ubingwa 1967 kwa kukataa kutumwa vitani na serikali yake, miaka 13 baadaye anatumwa na serikali hiyohiyo, na anakutana na watu wanaomkumbusha yeye ni nani. Tanzania ikaenda Moscow, Bayi akaleta fedha ya kuruka viunzi na maji mita 3000, Suleiman Nyambui fedha ya mita 5000. Mpaka leo hatujapata medali nyingine ya Olimpiki. Wakenya, ambao walisusa, walikaa nyumbani.

Lakini kwa Montreal naomba nitofautiane nawe kwa heshima, mzee. Ule ulikuwa msimamo wa serikali, na mimi naona ulikuwa sahihi. Bayi hakuulizwa. Alilipa gharama ya uamuzi wa wengine, na hatukumlipa hata shukrani inayoeleweka. Olonga na Lilesa walikaa wenyewe usiku, wakapima, wakaenda. Nikichanganya hivyo viwili nitakuwa namvika Bayi joho ambalo hakulishona, na nitakuwa nasahau kumpa pole anayostahili.

Mzee wa Magomeni

Marahaba. Hapo umesema. Pole hatukumpa.

Dada wa Mikocheni

Nimesoma yote. Swali langu ni dogo na naomba msinishambulie. Kama bei ni kubwa kiasi hiki, na anayelipa zaidi ni yule asiye na kitu, basi stori za akina Olonga si zinawatisha wengine? Mimi nina mdogo wangu anacheza timu ya taifa ya vijana, sitataja mchezo. Akiniambia anataka kusema kitu hadharani, kusema kweli nitamwambia anyamaze kwanza apate mkataba nje.

Dereva wa Tunduma

Dada, hata mimi ningemwambia hivyo.

Kibarua wa Usiku

Hakuna wa kukushambulia, dada. Ushauri wako ndio ushauri ambao familia nyingi hutoa. Na kama Flower asingekuwa na Essex mezani, sijui kama hata yeye angeanza. Mdogo wako akipata mkataba kwanza halafu akasema, hajapungua kitu.

Ila kwenye hilo la kutisha wengine, angalia kilichotokea Rio hapohapo. Lilesa alikingamanisha mikono tarehe 21 Agosti. Wiki tatu baadaye, tarehe 11 Septemba, ilikuwa Paralimpiki, mita 1500 za wenye uoni hafifu. Ile fainali ya ajabu ambayo wanne wa kwanza walikimbia kwa kasi kuliko bingwa wa Olimpiki ya kawaida ya mwaka huohuo. Wa pili alikuwa Mwethiopia, Tamiru Demisse. Kufika siku hiyo dunia nzima ilijua kwamba Lilesa hajarudi nyumbani na familia yake haijamfuata. Demisse hakuwa na jina la Lilesa wala marathoni za kumlipa, na bei alikuwa ameshaiona imebandikwa ukutani.

Alivuka mstari mikono ikiwa juu, imekingamana.

Jirani wa Eldoret

Hiyo ya Demisse hata sisi hapa Eldoret hatukuisikia. Tuma video kama unayo.